Kudhibiti Wadudu Waharibifu Ndani ya Kitalu Nyumba Bila Viuatilifu Vikali

Kitalu nyumba, yaani banda la kupandia mazao lililofunikwa kwa nailoni na wavu, humkinga mkulima wa Mwanza na mvua kubwa za masika, lakini mdudu aliyefanikiwa kuingia ndani hupata humo mambo ambayo nje hayapati kwa urahisi: joto lisilokatika, majani laini ya kula muda wote, na kuepukana na ndege, nyigu na mbawakawa wanaompunguza kila siku akiwa shambani. Ndiyo maana inzi weupe wachache walioletwa na miche wanaweza kukijaza kitalu kuanzia mlangoni hadi darini baada ya vizazi vichache, na kila kizazi, katika joto la ukanda huu, huchukua takriban wiki tatu.

Mwongozo huu unahusu nyanya, pilipili hoho na matango, ambayo ndiyo mazao yanayooteshwa zaidi ndani ya vitalu nyumba. Hatua zake zimepangwa kwa makusudi: kupulizia dawa, hata iwe ya mwarobaini, kumewekwa karibu na mwisho, kwa sababu mkulima anayeanza na bomba hujikuta akipulizia kila wiki bila kuziba tundu linalowaingiza wadudu. Sababu ya kuacha viuatilifu vikali nayo ni ya mahali tulipo. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo vinauzwa karibu kila duka la pembejeo, ni sumu kali kwa samaki hata vikiwa kidogo sana majini, na miteremko ya mawe ya Ilemela na Nyamagana, wilaya za jiji la Mwanza, haishiki maji. Kinachomwagwa mlimani asubuhi, mvua ikinyesha, huteremka kwa mifereji na Mto Mirongo hadi Ziwa Victoria.

Hatua ya kwanza: kuziba njia za kuingilia

Wavu wa pembeni unaofaa kumzuia inzi mweupe ni wa meshi 50, yaani wenye nyuzi 50 katika kila inchi. Wavu wa mbu wa kawaida una matundu makubwa mno, na mkulima anayeuweka kwa kubana gharama amezuia nondo na panzi tu. Hata hivyo, wavu wa meshi 50 hupunguza upepo, na nyanya hudondosha maua joto likizidi kiasi cha nyuzi 32 za Selsiasi kwa siku nyingi mfululizo. Kwa hiyo, unapobadilisha wavu mpana kwa mwembamba, ongeza eneo la wavu kwenye kuta na acha nafasi ya hewa moto kutokea juu ya paa, nayo ikiwa imefunikwa kwa wavu huohuo. Ifahamike pia kuwa vithiripi, wadudu wadogo wanaoshambulia maua na majani machanga, ni wembamba kiasi cha kupenya hata meshi 50. Kwao wavu hupunguza idadi tu, na kazi iliyobaki hufanywa na hatua zinazofuata.

Mlango uwe wa mara mbili, wenye chumba kidogo katikati ambacho mtu anaweza kusimama na kufunga mlango wa kwanza kabla ya kufungua wa pili. Uelekeo wake una maana. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na inzi weupe ni dhaifu wa kuruka, hivyo hubebwa na upepo huo kutoka bustani za mboga zilizo upande wa ziwa. Mlango uwekwe upande usiopokea upepo wa mchana, na kama kuna shamba la zamani la nyanya au bilinganya upande wa ziwa, ling'olewe kabla ya kupanda ndani, ikiwa ni lako, au zungumza na jirani ikiwa ni lake.

Pita na kidole kwenye maungio yote ya nailoni na wavu, hasa pale wavu unapoingia ardhini, kwa kuwa panya na kuku hupenda kuanzia hapo. Magugu yang'olewe kuzunguka kitalu kwa upana wa mita mbili au tatu, na mnavu ung'olewe kwanza, kwani ni wa ukoo mmoja na nyanya na huhifadhi wadudu walewale. Kazi hii ifanyike kabla ya Juni. Kiangazi kikishakausha majani ya nje, mimea yako inabaki kuwa kitu kibichi peke yake katika eneo zima, na wadudu wa pori lote huelekea huko.

Nguo za njano zisivaliwe kazini, kwa sababu rangi hiyo huwavuta inzi weupe na vidukari (wadudu mafuta) wenye mabawa, nao huingia wakiwa wameng'ang'ania shati. Aliyetoka kufanya kazi kwenye shamba la wazi lenye wadudu aingie kitaluni kesho yake asubuhi, si jioni ileile.

Hatua ya pili: kuingiza miche iliyo safi

Mara nyingi wadudu hawaingii kwa mlango wala kwa tundu, bali huletwa na mkulima mwenyewe ndani ya trei ya miche. Geuza majani ya miche kabla ya kuilipia. Mayai ya inzi mweupe na watoto wake, walio bapa na wenye rangi ya maji, hukaa upande wa chini na hawaondoki ukigusa jani. Miche iliyonunuliwa itengwe siku saba hadi kumi katika sehemu iliyofunikwa kwa wavu, mbali na kitalu, kisha ikaguliwe tena. Anayeotesha mwenyewe atumie trei zilizooshwa kwa sabuni na kukaushwa juani.

Mbolea ya samadi iliyooza vizuri inatosha kwa kuanzia. Kuzidisha urea huleta majani mengi laini yenye utomvu mwingi, na vidukari huongezeka haraka kwenye majani ya aina hiyo.

Hatua ya tatu: kukagua mara mbili kwa wiki, na kumjua mdudu kabla ya kumshughulikia

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa fedha kuliko zote. Chagua siku mbili katika wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, uingie asubuhi kabla jua halijawa kali, na uanze na upande usio na dalili ili usiwabebe wadudu kwenda kwenye mimea iliyo salama. Katika kila mstari chukua mimea michache, ukiwemo ule ulio karibu na mlango na ule wa pembeni mwa ukuta. Angalia jani la chini, la kati na la juu, na kila jani uligeuze.

Beba karatasi nyeupe ngumu. Iweke chini ya tawi na ulipigepige tawi mara tatu kwa kiganja. Vumbi likitua, subiri kidogo na utazame: nukta inayotembea polepole, nyekundu au ya rangi ya chungwa, ni utitiri, na kijiti chembamba cha rangi ya manjano au kahawia kinachokimbia na kugeuka ghafla ni kithiripi. Utitiri si mdudu kwa maana kamili, kwani ana miguu minane, na kwa sababu hiyo viuadudu vingi vya dukani havimuui, bali huua adui zake na kumwacha aongezeke. Dalili yake ya kwanza ni vidoa vidogo vyeupe juu ya jani, na baadaye utando mwembamba kwenye ncha za matawi. Hupenda hewa kavu yenye vumbi, na kwetu huonekana zaidi kati ya Juni na Septemba.

Vithiripi hujificha ndani ya maua na kwenye mikunjo ya majani machanga. Huacha michirizi ya rangi ya fedha yenye vidoa vyeusi vya kinyesi, na tunda la hoho lililoshambuliwa likiwa dogo hukua na makovu.

Inzi weupe huruka mara jani linapotikiswa, kisha hurudi kutua upande wa chini. Hasara yao kubwa haitokani na kunyonya utomvu bali na virusi vya majani njano na kujikunja kwa nyanya. Mche uliopata virusi hivyo hukunja majani kuelekea juu, kingo huwa za njano, na mmea hudumaa. Hakuna dawa ya kuuponya. Ufunike kwa mfuko mkubwa wa karatasi au kiroba kabla ya kuung'oa, ili inzi waliopo juu yake wasisambae kwa majirani.

Vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta, hukaa kwa makundi kwenye ncha laini na chini ya majani. Majimaji matamu yanayonata wanayotoa huvuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi juu ya majani na matunda. Ukiona sisimizi wakipanda shina kwa mstari, fuata mstari wao. Utakufikisha kwa vidukari kabla hujawaona mwenyewe.

Kantangaze, ambaye jina lake la kitaalamu ni Tuta absoluta, anastahili uangalifu wa pekee kwenye nyanya. Alitokea Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na kuthibitishwa Tanzania mwaka 2014. Nondo jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260, na asipodhibitiwa anaweza kumaliza karibu zao lote. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, ndiyo maana dawa ya kugusa haimfikii. Inua jani lenye baka la rangi ya karatasi ukilielekeza kwenye mwanga: utaona kiwavi wa kijani au wa rangi ya maziwa mwenye kichwa cheusi, na upande mmoja wa baka kuna kinyesi cheusi kilichorundikana. Baka hilo pana lisichanganywe na mistari myembamba inayopindapinda, ambayo ni kazi ya funza wa inzi mchimba majani na kwa kawaida haina madhara makubwa. Kwenye tunda, kiwavi huingilia karibu na kikonyo, hivyo inua majani madogo ya kikonyo unapokagua.

Andika unachokiona katika daftari: tarehe, mstari, mdudu, na kama ameongezeka au amepungua. Ikiwa dalili haifanani na zilizoelezwa hapa, mwombe afisa ugani wa kata aje aone, au wasiliana na watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru, Misungwi, ukiwa na jani lililofungwa ndani ya chupa yenye kifuniko. Jani lenye wadudu lisitembezwe mkononi kutoka kitalu kimoja hadi kingine.

Hatua ya nne: kutega

Rangi ya njano huwavuta inzi weupe, vidukari wenye mabawa na inzi mchimba majani. Rangi ya buluu huwavuta vithiripi. Madumu ya njano ya mafuta ya kula, yanayopatikana kila mtaa wa Mwanza, hutoa mitego mizuri. Kata ubavu wa dumu kupata ubao wa ukubwa wa daftari, uupake grisi au mafuta ya mgando pande zote mbili, na uuning'inize kwa waya sentimita chache juu ya ncha za mimea, ukiupandisha kadiri mimea inavyokua. Kwa kitalu cha mita 8 kwa 15, mitego minne au mitano inatosha kukupa habari. Ukitaka ipunguze wadudu kweli, weka mmoja kwa kila mita 5 hadi 10 za mraba na uzidishe karibu na mlango.

Wanaoishi kando ya ziwa wana tatizo lao hapa. Makundi ya usubi wa ziwani, yanayoinuka kutoka majini hasa siku za mwezi mwandamo na kusukumwa na upepo hadi nchi kavu, hunasa kwenye mitego kwa maelfu, na mkulima mgeni hushtuka akidhani mimea yake imevamiwa. Wadudu hao hawali mboga. Funza wao hukulia majini. Lakini huujaza mtego usiweze kunasa kingine, na huziba matundu ya wavu kiasi cha kupunguza hewa. Zima taa zote zilizo karibu na kitalu nyakati za usiku, fagia wavu kwa ufagio laini asubuhi, na upake mitego grisi mpya.

Kwa kantangaze, mtego wenye nguvu ni ule wa feromoni, yaani harufu inayofanana na ya nondo jike. Kidonge cha harufu huning'inizwa juu ya beseni la maji yaliyotiwa matone ya sabuni ya maji. Dume anayekuja hutua na kuzama. Beseni liwe karibu na ardhi, maji yaongezwe kila siku mbili, na kidonge kibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mtego huu unanasa madume tu, kwa hiyo wingi wake ndani ya beseni ni onyo la kuzidisha ukaguzi wa majani, si ushahidi kwamba tatizo limekwisha.

Hatua ya tano: kutumia mikono na maji

Nyanya inapokua, majani ya chini hubeba watoto wengi wa inzi weupe, ambao hawawezi kutembea kutoka walipo. Kuondoa majani yote yaliyo chini ya kishada kinachovunwa, pamoja na machipukizi ya pembeni, huwaondoa maelfu yao kwa mara moja, na sioni dawa ya asili inayolingana na kazi hiyo ya nusu siku. Jani lenye baka la kantangaze lichumwe siku hiyohiyo linapoonekana, na tunda lililotobolewa vilevile.

Kosa linalofanyika sana ni kuyatupa majani hayo nje ya mlango. Viwavi humalizia kukua humo na kurudi wakiwa nondo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini ndoo au pipa lenye kifuniko kinachobana linafaa zaidi: tia majani humo, funika, uliache juani kwa wiki mbili, kisha uyafukie kwenye shimo la kina cha nusu mita.

Kwa vidukari na utitiri, maji matupu yenye msukumo, yakielekezwa chini ya majani asubuhi, hung'oa sehemu kubwa. Fanya hivyo siku yenye jua na upepo ili majani yakauke kabla ya saa sita mchana, la sivyo utakuwa umekaribisha magonjwa ya ukungu.

Hatua ya sita: kuwaacha wasaidizi wafanye kazi

Mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, pamoja na watoto wao weusi warefu wasiofanana nao hata kidogo, hula vidukari. Kidukari aliyevimba, mwenye rangi ya kahawia na asiyesogea, ametagiwa yai na nyigu mdogo. Usimuue, kwani atatoka nyigu mwingine. Wazuie sisimizi, kwa sababu huwalinda vidukari dhidi ya wasaidizi hawa: paka grisi kwenye nguzo na kwenye waya zinazoshikilia kamba, na uharibu njia zao mlangoni.

Hatua ya saba: kupulizia, inapobidi

Pulizia pale tu daftari linapoonyesha kuwa mdudu anaongezeka katika kaguzi mbili zinazofuatana. Bomba liwe la kazi hii peke yake, kwani lililowahi kubeba dawa ya magugu linaweza kuunguza mimea yote. Pulizia jioni jua linapopungua, ukielekeza chini ya majani, na kila mchanganyiko ujaribiwe kwanza kwenye mimea miwili au mitatu na kusubiriwa siku mbili.

Maji ya sabuni huwafaa vidukari, watoto wa inzi weupe na utitiri. Kwangua gramu 10 za sabuni ya mche kwa kila lita ya maji, yeyusha katika maji ya moto kidogo, kisha ongeza maji baridi na uchuje. Maji ya ziwa ni mepesi na huyeyusha sabuni vizuri. Ya kisima chenye chumvi huigandisha, na mchanganyiko huo hauna kazi. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, kwa kuwa huunguza majani. Sabuni huua kwa kumgusa mdudu ikiwa bado majimaji tu, haiui mayai, na kwa hiyo hurudiwa kila baada ya siku tano hadi saba, mara tatu.

Mwarobaini hufanya kazi kwa namna nyingine. Kiini chake, azadiraktini, humzuia mdudu kula na kujivua ngozi, hivyo anayefungua mlango kesho yake akitafuta maiti atadhani dawa haifai. Okota matunda yaliyoiva na kuwa ya njano, ondoa nyama yake, kausha mbegu kivulini na uzitupe zenye ukungu. Twanga kwenye kinu, pima gramu 50 za unga kwa kila lita ya maji, yaani gramu 750 kwa bomba la lita 15, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa na uongeze sabuni kidogo ili ishike jani. Itumike siku hiyohiyo, maana jua huiharibu haraka. Majani ya mwarobaini nayo hutumika, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko ya mbegu. Kwa mafuta ya mwarobaini ya dukani, kama lebo haisemi vinginevyo, mililita 5 kwa lita moja ya maji pamoja na matone ya sabuni hutosha.

Kwa viwavi, akiwemo kantangaze mchanga kabla hajaingia ndani ya jani, ipo dawa itokanayo na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Kiwavi lazima aile ndipo afe, na haiwadhuru nyuki wala mbawakawa wasaidizi. Nunua iliyosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na iwe haijakaa juani dukani.

Maji ya pilipili na kitunguu saumu hufukuza kwa siku chache tu na huwasha macho ya mpuliziaji. Siyakatazi, ila yasitegemewe wadudu wakiwa wengi. Maji ya tumbaku nayakataza. Nikotini ni sumu kali kwa binadamu na hupenya ngozi, na tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato vinavyoambukiza nyanya na hoho. Kwa sababu hiyohiyo, anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mimea. Utupa nao, ingawa ni mmea wa asili na unaua wadudu kweli, ndio uleule unaotumiwa na wavuvi haramu kuwalewesha samaki. Usitumike mahali popote ambapo maji yanaweza kufika ziwani, na bomba lolote, la dawa yoyote, lisisuuzwe ziwani wala mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa maji kuwa eneo la hifadhi. Maji ya kusuuzia yamwagwe kwenye udongo ndani ya kitalu.

Hatua ya nane: kusafisha kati ya zao na zao

Zao likiisha, usiache mimea mizee isimame huku ukisubiri bei ya matunda ya mwisho. Ing'oe yote pamoja na mizizi, toa kamba na matandazo, kisha ufunge kitalu. Mwagilia udongo ulowe, utandike nailoni inayopitisha mwanga, ufukie kingo zake, na uiache wiki nne hadi sita. Joto linalojikusanya chini yake huua mabuu ya kantangaze, vithiripi walio udongoni na sehemu kubwa ya minyoo fundo, yaani minyoo midogo inayovimbisha mizizi. Miezi ya Julai hadi Septemba hufaa zaidi kwa kuwa mawingu ni machache. Zao linalofuata liwe la ukoo mwingine, matango baada ya nyanya kwa mfano, ingawa inzi weupe watalishambulia hilo pia.

Kabla ya kuingiza miche mipya, ning'iniza mitego miwili ya njano ndani ya kitalu kitupu kwa siku saba. Ikinasa inzi weupe au vidukari, kuna gugu lililosahaulika ukutani au tundu kwenye wavu, na miche ibaki nje mpaka lipatikane.